Kuandika hadithi ya watoro wa pwani, hatua kwa hatua

Leo mtoro ni mtoto aliyeruka ukuta wa shule. Miaka mia moja na hamsini iliyopita, kati ya Lamu na Pangani, mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na kuitwa hivyo kulitosha kumrudisha mtu kwenye pingu.

Nimesoma miswada mingi ya vijana wetu wanaotaka kuandika habari hizi, na karibu yote ina ugonjwa mmoja. Mtoro anafuata nyota ya kaskazini, mbwa wanabweka nyuma yake, Mzungu mwenye bunduki yuko juu ya farasi. Hiyo ni hadithi ya Marekani, nayo ina wenyewe. Ya kwetu ina uchungu wa namna nyingine: aliyetumwa kumfuata mtoro mara nyingi naye alikuwa mtumwa. Walisema lugha moja, pengine walilala banda moja. Ukilishika jambo hilo tangu mwanzo, mengine yote yatakuwa na pa kusimama.

Hatua ya kwanza: chagua mwaka kabla ya kumchagua mhusika

Usiandike "zama za utumwa" kama kwamba zilikuwa siku moja ndefu. Sheria zilibadilika mara kwa mara, na kila badiliko lilimfungulia mtoro njia moja na kumfungia nyingine.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba na Waingereza. Soko la watumwa la Unguja likafungwa, na kusafirisha watumwa baharini kukapigwa marufuku. Kumiliki mtumwa hakukuguswa. Bwana wa Malindi mwaka 1874 alikuwa na haki kisheria juu ya watumwa wake kama alivyokuwa nayo mwaka uliotangulia, ila sasa ilikuwa vigumu kupata wengine, kwa hiyo aliyetoroka alitafutwa kwa hasira zaidi. Mwaka 1876 Sultani alipiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu. Agosti 1890 kununua na kuuza kukakatazwa. Tarehe 6 Aprili 1897 hali ya kisheria ya utumwa ikaondolewa Unguja na Pemba, lakini mtumwa ilimpasa aende mwenyewe kudai uhuru wake, na masuria hawakuingizwa katika sheria hiyo hadi mwaka 1909. Pwani ya Kenya ilingoja hadi 1907. Tanganyika hadi 1922.

Hebu fikiri suria wa Unguja mwaka 1900. Mpishi wa nyumba ile ile ameshapata hati yake na ameondoka kwa mlango wa mbele, yeye akiondoka anaitwa mtoro. Hapo una riwaya nzima, na imezaliwa na tarehe peke yake.

Kama huna mwaka moyoni, nakushauri uchague kati ya 1874 na 1890. Ndiyo miaka vijiji vya watoro vilipokua, na misheni, Sultani, mabwana wa mashamba na Waingereza wote walikuwa wanavutana juu ya mtu yule yule mmoja.

Hatua ya pili: jua mtoro wako alikuwa mtumwa wa namna gani

"Mtumwa" ni neno kubwa mno kwa mhusika. Mjinga ni yule aliyefika juzi kutoka bara, hajui lugha wala njia. Mzalia amezaliwa pwani, amesoma juzuu, ana ndugu kila mtaa. Kibarua amepewa ruhusa ya kutafuta kazi mjini, na sehemu ya ujira wake, aghalabu nusu, anampelekea bwana. Kuna mtumwa wa shamba aliyepimiwa ngwe yake ya kulima kila siku, na juu yake yuko kadamu, nokoa na msimamizi. Kuna baharia, hamali, yaya, suria.

Kila mmoja anajua kitu tofauti, na anachokijua ndicho kitakachoamua safari yake. Mjinga akitoroka wiki ya kwanza anaelekea machweo kwa sababu alikuja kutoka huko, wala hajui kwamba kati yake na kwao kuna miezi ya mwendo na watu watakaomkamata tena. Mzalia hana kwao pa kurudi. Kwao ni hapa hapa. Yeye anatafuta mahali pengine pa kuwa mtu, ndani ya dunia ile ile anayoijua.

Kisha sababu. Waandishi wengi hukimbilia kiboko. Kiboko kilikuwapo, na mkatale wa kufungia miguu ulikuwapo, lakini mtu aliyevumilia kiboko miaka kumi hatoroki kwa sababu ya kiboko cha jana. Tafuta kilichobadilika. Bwana amekufa na mirathi inagawanywa, mama anaangukia kwa mrithi mmoja na mtoto kwa mwingine. Bwana ana deni na shamba liko rehani. Bwana alimwahidi mzalia uhuru mbele ya watu, kisha akafa bila kuandika, na watoto wake wanasema hawakusikia neno. Njaa ya mwaka 1884 iliwafanya Wamijikenda wengi waweke watoto rehani pwani kwa nafaka. Mtoto aliyewekwa rehani, mvua ikarudi na asikombolewe, huyo anayo sababu ya kutosha hata kama hajawahi kupigwa.

Majina nayo yanasema. Mabwana waliwapa watumwa majina ya baraka na ya vito: Mabruki, Feruzi, Almasi, Faraji, Baraka, Faida. Mpe mhusika wako jina la namna hiyo, na jingine alilopewa na mama yake ambalo halitamkwi mbele ya mtu. Tutalihitaji mwishoni.

Hatua ya tatu: chora njia

Chukua karatasi uchore. Ufupi wa njia unaweza kuwa na nguvu kuliko urefu. Freretown ilianzishwa na misheni ya Kianglikana mwaka 1875 ng'ambo tu ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Kisauni. Mtumwa wa mjini aliweza kuyaona makao ya watu huru kila alipokwenda ufukweni kufua. Mtu anayetazama uhuru wake ng'ambo ya maji kwa miaka mitano kabla ya kuvuka ana mengi ya kusema kuliko aliyetembea siku kumi.

Ukienda bara, kuna nyika: miiba, jua, na maji ya nadra. Jua mto Sabaki uko wapi, jua umbali kati ya kisima na kisima. Mtoro alikamatwa kwa kiu zaidi ya alivyokamatwa kwa mbio, kwa maana anayemfuata hakuhitaji kumfuata. Alikwenda kukaa penye maji akangoja. Ukitoka visiwani, bahari ndiyo ukuta. Hapo lazima ujue kusi na kaskazi, maana mtumbwi ulioibwa kwenda Mrima, pwani ya bara, hauondoki siku yoyote mtu apendayo.

Siku ya kutoroka uichague kwa hesabu. Kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja watumwa walikuwa na Alhamisi na Ijumaa zao wenyewe. Aliyeondoka Jumatano usiku huenda asikosekane hadi Jumamosi asubuhi. Angalia pia mwezi wa Kiislamu: usiku wa kumi na nne hauna pa kujificha, usiku wa ishirini na nane unameza kila kitu. Msomaji wa pwani anajua hili bila kuambiwa, na ukikosea atakuacha hapo hapo.

Na mzigo je? Mpe jembe. Mtu mwenye jembe begani anayefuata njia ya shamba haulizwi aendako. Mwenye furushi anaulizwa.

Hatua ya nne: mjenge anayefuata

Hapa ndipo hadithi nyingi hufa, nami naomba ukae hapa kuliko mahali pengine popote.

Nani aliwafuata watoro? Wabulushi waliokuwa askari wa Sultani katika ngome. Washihiri, Waarabu wa Hadhramaut, walioajiriwa kwa malipo. Wazee wa Kimijikenda waliokuwa na mapatano na mji ya kumrudisha mtoro na kupewa nguo. Na watumwa wenye silaha wa mabwana wakubwa, waliobeba magobori na panga, wakavamia vijiji vya watoro kwa amri ya bwana. Hata Fuladoyo, kijiji cha watoro kilichokuwa katika nchi ya Wagiriama, kilikuwa na hofu yake upande wa Takaungu, mji wa pwani karibu na Kilifi, na si wote waliotoka huko na silaha walikuwa waungwana, yaani watu huru.

Usimfanye mtu huyo kuwa shetani, wala usimhurumie kabla hajafanya kazi yake. Mpe kitu cha kupoteza. Ana mke ambaye bwana anaweza kumuuza. Ana ahadi ya kuandikiwa uhuru akirudisha watu watatu, naye ameshawarudisha wawili. Mwache awe hodari. Anajua kusoma watu: nani amevaa kaniki iliyofuliwa mno, nani anatembea bila kofia na kuizoea hali hiyo, nani ana kovu la pingu juu ya kifundo cha mguu na ndiyo sababu amejifunga shuka ndefu kuliko wenzake. Mtumwa hakuvaa alivyotaka mbele ya mabwana, kwa hiyo mtoro akifika penye watu jambo la kwanza alilohitaji ni nguo, na jambo la kwanza alilotazama mfuataji ni nguo.

Nitakuonyesha kwa karibu. Hii ni rasimu ya kwanza ya onyesho, kama nilivyowahi kuiandika:

"Mashaka alimwona Faida akikimbia. Alimfukuza kwa nguvu zake zote. Moyo wa Faida ulidunda kwa hofu. Alijikwaa akaanguka, na Mashaka akamkamata."

Hakuna kosa la kisarufi, na hakuna kitu. Ungeweza kuihamishia nchi yoyote. Hii ni ya pili, baada ya kujiuliza ni kitu gani cha pwani peke yake kingeweza kumfichua mwanamke huyu:

"Walikuwa watatu, mitungi vichwani, wakishuka kisimani. Wawili walivaa ukaya. Wa tatu alijifunga leso mpya, mikunjo ya dukani ingali inaonekana. Mashaka alisogea kando kama mtu anayepisha.

'Salamu alaikum, mama zangu.'

'Alaikumu salamu,' wakajibu wawili, wala hawakupunguza mwendo.

Wa tatu magoti yalimlegea kidogo. 'Shikamoo, bwa...'

Akajikata. Mkono ulipanda juu kuushika mtungi kana kwamba umejaa maji. Mashaka aliitazama miguu yake mwenyewe. Alfajiri ile ile, kabla ya kuondoka Takaungu, salamu hiyo ilikuwa kinywani mwake.

'Marahaba,' alisema."

Shikamoo leo ni adabu ya mtoto kwa mkubwa. Zamani zile ilikuwa salamu ya mtumwa kwa bwana, ya mtu anayesema anashika miguu. Mwanamke amebadilisha nguo, hajabadilisha magoti. Naye Mashaka akijibu "marahaba" anaonja ubwana kwa neno moja, na msomaji anajua kwamba jioni atarudi kusema shikamoo yake. Hakuna aliyekimbia. Mbio zitakuja baadaye, na zitakuwa na uzito kwa sababu ya neno hilo.

Fanya zoezi hili: andika onyesho la kukamatwa ambamo hakuna anayekimbia wala anayepiga kelele. Liandike mara ya kwanza kwa macho ya mtoro, mara ya pili kwa macho ya mfuataji, na katika mara hiyo ya pili usitumie neno "mtoro" hata mara moja. Mwache amwite kwa jina.

Hatua ya tano: kimbilio lisiwe pepo

Mtoro akifika, mwandishi hupumua, na hapo hadithi hulala usingizi. Usilale.

Witu, bara ya Lamu, ilikuwa chini ya Ahmed Simba, wa ukoo wa Wanabahani wa Pate, aliyewapokea watoro wakawa nguvu yake. Walilindwa, na walipigana vita vyake, na walivamia mashamba ya wengine, hadi Waingereza walipouchoma mji Oktoba 1890. Mbaruk bin Rashid wa Gasi, kusini mwa Mombasa, naye aliwapa watoro hifadhi alipokuwa akigombana na Sultani. Kwenye mto Juba, nchi ya Somalia ya leo, Wazigua waliouzwa nje wakati wa njaa waliwaponyoka mabwana wao, wakajenga vijiji msituni, na lugha yao ikaishi huko vizazi na vizazi. Hao ndio ninaowaonea shauku kuliko wote, na hadithi zao bado hazijaandikwa za kutosha kwa Kiswahili.

Misheni ndiyo yenye mgongano mkali zaidi. Freretown ilijengwa kwa ajili ya mateka waliookolewa majahazini na manowari za Kiingereza. Mtoro wa Mombasa hakuwa mmoja wao. Kisheria alikuwa mali ya jirani, na misheni ilikuwa imeahidi kutompokea. Hata manowari zenyewe ziliwahi kukatazwa: waraka wa Julai 1875 kutoka London uliwaambia makapteni wasiwahifadhi watoro, na kelele za watu wa Uingereza ndizo zilizofanya uondolewe. Mwaka 1881 ilijulikana kwamba Streeter, msimamizi wa Freretown, alikuwa akiwapiga viboko vibaya watu waliokuwa chini yake. Fikiri mtu aliyevuka maji kwa kuogopa kiboko, akakikuta ng'ambo.

Kisha kuna Rabai, kituo cha misheni hiyo hiyo bara ya Mombasa, na William Jones. Alikuwa Myao, alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa, akalelewa Nasik huko India, akarudi Afrika Mashariki kuwa mhubiri na baadaye kasisi. Wakuu wake walitaka watoro wasipokelewe. Waliokuja mlangoni kwake usiku walikuwa yeye mwenyewe wa utotoni. Kufikia mwaka 1888 walikuwa mamia kwa mamia Rabai, na mabwana wakawa wanataka watu wao. Ukimwandika mtu wa kweli kama huyu, ushike yanayojulikana, na mawazo ya ndani mpe mhusika wa kubuni anayemtazama kutoka pembeni.

Hatua ya sita: lugha

Nitakuwa mfupi. Mvita waseme Kimvita: mato, mtele, ndoo hapa. Mjinga achanganye r na l, lakini mara chache, msomaji ahisi bila kuchoka, na asifanywe kichekesho. Hesabu ya fedha iwe reale na rupia, nafaka ipimwe kwa pishi, nguo iwe kaniki na merikani. Saa iwe ya adhana. Na mtoro wa mwaka 1880 asitoe hotuba juu ya haki za binadamu, mwache aseme "mimi pia ni mtoto wa watu." Imetosha, na imesemwa na wengi kabla yake.

Angalia pia maneno tunayoyatumia leo bila kufikiri. Kibarua kilikuwa kibarua hasa, kijibarua, karatasi ndogo. Kabla ya kulitumia neno jiulize wakati ule lilikuwa limevaa nguo gani.

Hatua ya saba: kusikiliza na kwenda

Wavulana waliookolewa na kusomeshwa Kiungani, Unguja, waliandika habari za kutekwa kwao, zikachapwa mwaka 1887. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika juu ya desturi za mabwana na watumwa, na maandishi yake yalichapwa mwaka 1903. James Mbotela, mtoto wa mtu aliyeokolewa baharini, aliandika habari za wazee wake wa Freretown. Anza na hao kabla ya kusoma barua za Wazungu, ili masikio yako yazoee sauti kwanza.

Kisha nenda. Kengele ya Freretown ingali inaning'inia Kengeleni, magari yakiizunguka pande zote. Iligongwa kuwaonya watu kwamba wavamizi wanakuja. Nilisimama chini yake asubuhi moja, nikahesabu hatua hadi majini, nikarudi nyumbani na kufuta kurasa arubaini, kwa sababu mtu wangu alikuwa amekimbia usiku kucha mahali ambapo angefika kabla ya jasho kumtoka.

Ukizungumza na wazee, jua unaingia wapi. Kuna familia zilizoficha asili yao miaka yote hii, na kuna familia ambazo babu yao ndiye aliyewafuata watoro. Zote mbili bado zinaoana na kuzikana pwani hii. Usiulize "je, nyinyi ni wa watumwa?" Uliza walikuwa wakilima nini, nani alimpa bibi jina lake, wimbo gani ulikatazwa kuimbwa mbele ya wageni. Na ukoo wa kweli usiutie katika hadithi kama adui kwa kusikia maneno ya kibarazani.

Hatua ya mwisho: mahali pa kuacha

Usimalizie kwenye kuwasili. Kama umechagua Rabai, unayo siku iliyo tayari. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki chini ya George Mackenzie iliwalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya elfu moja na mia nne wakapewa hati za uhuru. Mweke Faida wako kwenye mstari huo, jua likiwa juu. Mbele yake kuna meza, na karani mwenye kalamu. Nyuma, kati ya watu waliokuja kutazama, yuko Mashaka. Yeye hakutoroka kamwe, na kwa hiyo hana hati ya kupewa leo. Karani hajainua macho. Anamwuliza Faida jina lake, na yeye anayo mawili.